Umesaini taimushea na sasa unajuta? Mwongozo kamili wa kutoka bila kupigwa mara ya pili

Kama mkataba wako hauna hata wiki mbili, shuka moja kwa moja hatua ya kwanza, siku zako zinaisha na haya mengine utayasoma ukishatuma barua. Nyie wenye miezi au miaka ndani ya hii kitu twende taratibu. Kwa asiyejua, taimushea ni mkataba wa kulipia haki ya kukaa risoti, mara nyingi wiki moja kila mwaka.

Naandika sababu mimi na mke wangu tumepita humo na tumetoka, ila tulitokea njia ndefu yenye gharama wakati ile fupi ya bure tulikuwa tumeibeba kwenye begi letu muda wote. Tulialikwa na binti mmoja mchangamfu pale mapokezi, kikao cha mauzo cha dakika 90 tu, mkimaliza mnapewa tiketi mbili za bure. Tukaingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa tisa alasiri. Muuzaji wa kwanza alikuwa mpole, anauliza watoto wangapi, mnapenda bahari au milima, likizo ya mwaka jana mlitumia kiasi gani. Tukamwambia hapana, akaja meneja. Tukamwambia meneja hapana, akaja wa tatu, huyo ndo alishusha bei mara mbili ndani ya dakika kumi na kusema mkitoka mlango huu ofa imekufa. Alikuwa anaandika namba kwa kalamu ya kijani kwenye karatasi nyeupe, anatugeuzia tuone, anazungushia duara malipo ya mwezi peke yake, jumla ya miaka kumi hakuiandika hata mara moja. Mtoto wetu mdogo alikuwa ameshalala kwenye viti viwili tulivyoviunganisha. Meza ya jirani wakasaini, kengele ikagongwa, watu wakapiga makofi. Nikamwangalia mke wangu, nikaona amechoka, nikasaini.

Ile karatasi ya wino wa kijani jamaa aliikunja akaitia mfukoni mwake, sisi tukapewa folda nzito. Ahadi kwamba mkichoka kampuni inanunua tena ilikuwa kwenye karatasi ya kijani na mdomoni mwake, kwenye mkataba haipo, na kuna kipengele kinasema wazi kwamba mnunuzi hakutegemea ahadi yoyote ya mdomo. Na hicho tulikisaini. Folda tuliifungua nyumbani siku ya 12. Mfuko wa nyuma kabisa, chini ya ramani ya mabwawa ya kuogelea, kulikuwa na karatasi moja inasema tuna siku 10 za kufuta bila kutoa sababu yoyote.

Kwa hiyo:

Hatua ya 1: Tafuta siku zako za kufuta, leo hii

Karibu kila nchi yenye biashara hii kubwa imempa mnunuzi muda wa kughairi, na ukiutumia hulipi kitu, huelezi kwanini, na hela yako inarudi. Umoja wa Ulaya ni siku 14 za kalenda (maelekezo ya 2008), Uingereza nao 14 kwa kanuni zao za 2010. Marekani kila jimbo na lake, Florida siku 10, California na Hawaii 7, Nevada 5. Mexico ni siku 5 za kazi. Kinachoangaliwa ni sheria iliyoandikwa kwenye mkataba, mara nyingi ya mahali risoti ilipo au uliposainia, sio lazima iwe ya unapoishi wewe. Na usikate tamaa haraka ukiona siku ya kusaini imepita, maana Florida kwa mfano zinahesabiwa toka ulipopata nyaraka zote kama zilikuja baada ya saini, na Ulaya kama hawakukupa ile fomu ya kujitoa muda unarefuka mpaka mwaka mmoja na siku 14. Pia Ulaya muuzaji haruhusiwi kuchukua hela yoyote ndani ya hizo siku, hata advansi, akichukua tayari amevunja sheria.

Pekua folda yote, flashi kama walikupa flashi, imeli zote, uangalie na anwani ya kutuma barua ya kufuta maana mara nyingi ni tofauti kabisa na ya risoti. Alafu usipige simu. Narudia, usipige simu, sababu simu haifuti mkataba, na ukipiga utapelekwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kukuzungusha mpaka siku ziishe, atakwambia njoo Jumatatu tuzungumze, atakupa wiki ya bure, atakwambia system iko chini. Andika barua, fupi kama hii:

"Sisi (majina kamili kama yalivyo kwenye mkataba), wenye mkataba namba ... tuliousaini tarehe ..., tunaufuta mkataba huu kwa kutumia haki yetu ya kufuta ndani ya siku zilizowekwa kisheria. Turudishieni malipo yote tuliyofanya. Tunaomba uthibitisho wa maandishi."

Basi. Usieleze, usilalamike, usiombe. Iwe kwa lugha ya mkataba, wote mliosaini msaini, weka tarehe, namba ya simu na anwani. Tuma kwa njia ile ile inayotakiwa na mkataba, mara nyingi ni barua ya rejista, na kama wanaruhusu imeli tuma na imeli pia. Sehemu nyingi inayohesabika ni tarehe uliyotuma na sio waliyopokea, ndo maana ile risiti ya posta yenye muhuri ni kama dhahabu, ipige picha hapo hapo kaunta. Kama walikupa zawadi na mkataba unasema irudishwe, irudishe.

Waliowahi hapa wamemaliza. Sisi tulichelewa siku mbili, tukaendelea na haya yanayofuata.

Hatua ya 2: Jua una nini mkononi

Kaa mezani na folda, kalamu, na kikombe cha chai, usome mkataba wote. Unatafuta vitu vichache ila kila kimoja kinabadilisha njia yako ya kutokea. Je, una hati ya umiliki iliyosajiliwa kama ya ardhi, au una haki ya kutumia tu kwa miaka fulani, au una pointi, zile unazobadilisha na siku za kulala risoti? Mwenye hati ndo kifungo kikubwa, maana wewe ni mmiliki na mmiliki hawezi kutupa tu mali yake akaondoka, lazima kuwe na mtu wa kuipokea. Mwenye haki ya kutumia ana tarehe ya mwisho, labda imebaki miaka mitatu na ni nafuu kusubiri kuliko kupigana.

Angalia mkopo umebaki kiasi gani na unadaiwa na nani, kampuni yenyewe au benki. Angalia ada ya matengenezo (ile unayolipa risoti kila mwaka), nani anaipanga, kama ina kikomo cha kupanda (mara nyingi haina), na kama kuna mchango maalum, ule ambao paa likiezuliwa na kimbunga wamiliki wote wanagawana bili. Angalia pia kama kampuni ina haki ya kununua kwanza kabla hujampa mtu mwingine. Na angalia muda wa mkataba, kama ni milele. Hispania sheria ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na toka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imebatilisha mikataba isiyo na mwisho iliyosainiwa baada ya sheria hiyo kuanza, kwa hiyo mwenye wiki zake kule ana mlango ambao wengine hatuna.

Hatua ya 3: Piga hesabu ambayo hawakukupigia

Hii inauma lakini usipoifanya utaendelea kujidanganya kwamba "ni uwekezaji". Chukua mfano wa dola 20,000, ambao hata uko chini ya wastani wa bei za Marekani kwa takwimu za ARDA, chama cha makampuni yenyewe ya taimushea. Mkopo wa kampuni hizi sio wa nyumba, riba ya asilimia 15 ni kitu cha kawaida kabisa. Miaka 10 kwa riba hiyo ni kama dola 323 kwa mwezi, jumla dola 38,700 na ushee. Riba peke yake karibu ifikie bei ya kitu chenyewe.

Alafu ada ya matengenezo. Tuseme dola 1,000 mwaka wa kwanza na inapanda asilimia 5 kila mwaka, miaka 20 umelipa dola 33,000, na mwaka wa 21 bili inakuja 2,650, kwa wiki ile ile moja, chumba kile kile. Ukishaweka hizi namba kwenye karatasi yako mwenyewe, na wino wa rangi yoyote unayotaka, utaelewa kwanini kutoka na kupoteza ulicholipa ni bora kuliko kubaki "ili hela isipotee". Ile hela imeshaenda. Unayoiokoa ni inayokuja.

Hatua ya 4: Waombe wenyewe waichukue

Watu wengi wanaruka hapa sababu wanaona aibu au wana hasira, wanakimbilia kampuni ya kutoa watu kwenye mikataba wakati mlango wa kwanza hawajagonga. Makampuni makubwa kadhaa yana utaratibu wa kurudisha, Wyndham kwa mfano wanauita Certified Exit, na ARDA wana ukurasa wa Responsible Exit unaokuelekeza kwa kampuni yako. Hawautangazi kwa nguvu, hilo usitegemee. Mwuzaji hawezi kukwambia, na mtu wa huduma kwa wateja wa kwanza unayempata mara nyingi atasema hamna kitu kama hicho.

Masharti yao yanafanana: mkopo uwe umeisha, ada isiwe na deni, wakati mwingine ulipe na ada ya mwaka mmoja au miwili mbele. Kwa hiyo kama umebakiza mkopo kidogo, kuumaliza kunaweza kuwa ndo bei ya kutoka. Sisi ndivyo tulivyofanya, tulibana matumizi, tukamaliza mkopo mapema alafu ndo tukaomba.

Andika imeli, taja namba ya mkataba, sema unataka kurudisha umiliki kwa hiari na uulize utaratibu na fomu zake. Kama una sababu nzito, ugonjwa, umri, kufiwa na mwenza, kupoteza kazi, iseme na uambatanishe ushahidi, inasaidia kweli. Wakikataa, uliza kwa maandishi ni kwa sababu gani na nani anaweza kupitia upya uamuzi. Kama risoti inaendeshwa na chama cha wamiliki andikia na bodi yao, maana kampuni ya mauzo na chama ni watu wawili tofauti, mmoja akikataa mwingine anaweza kukubali. Rudia baada ya miezi mitatu. Sisi tulikataliwa mara mbili, ya tatu akajibu dada mmoja kwa mistari minne, akatuma fomu. Ilichukua miezi 14 toka imeli ya kwanza.

Angalizo moja: ukialikwa kwenye "kikao cha wamiliki kuhusu njia za kutoka", usiende. Hicho ni chumba kile kile na kengele ile ile. Watakwambia tatizo lako ni kwamba una wiki badala ya pointi, ongeza hela kidogo ubadilishe. Watu wameenda kutoa mkataba mmoja wakarudi na miwili, hili linaniuma kuliko yote maana wengi ni wazee wastaafu waliokuwa wanaomba msaada tu.

Hatua ya 5: Kuuza au kumpa mtu

Uwe mkweli na nafsi yako kuhusu bei. Sokoni hizi wiki zinauzwa kwa dola moja, nyingine zinatolewa bure na muuzaji analipa gharama za uhamisho juu yake, na bado zinakaa miezi. Zenye thamani ni chache, risoti inayotafutwa sana, msimu wa juu, ada ndogo. Angalia bei zilizouzwa kweli, sio bei wanazoziota wenye matangazo.

Ukipata mtu, hakikisha anaelewa ada na anaweza kuilipa. Kampuni ipewe nafasi yake ya kununua kwanza kama mkataba unasema hivyo, uhamisho uandikwe rasmi, na usihesabu umetoka mpaka umeona barua ya risoti yenye jina la mmiliki mpya. Kuna wanaojitokeza "tunaipokea, wewe utulipe tu ada ya huduma", wanaiandikisha kwenye kampuni hewa isiyolipa chochote, au hawahamishi kabisa, baada ya mwaka bili inarudi kwako.

Hatua ya 6: Jua sura ya mwizi wa pili

Miezi sita baada ya sisi kuanza kulalamika nilipigiwa simu. Jamaa anajua jina langu, jina la risoti, wiki yangu ni namba ngapi. Anaongea kwa heshima sana. Anasema kuna kampuni kubwa inanunua wiki kwa ajili ya wafanyakazi wake, wanatoa dola 31,000. Jioni ile mkataba ukaja kwenye imeli, nembo, mihuri, saini ya mwanasheria. Kilichobaki ni mimi kutuma dola 1,850 ya kodi ya uhamisho, kwenye akaunti ya nchi nyingine. Nikamwambia sawa, kata hiyo kodi kwenye hela ya mnunuzi alafu nitumie inayobaki. Akasema sheria hairuhusu. Nikamuuliza sheria gani, akaanza kupandisha sauti, nikakata.

Hilo swali litumie kila mara: kata kwenye hela inayokuja. Mnunuzi wa kweli hana shida nalo. Na huu sio utapeli wa vijana wawili chumbani, Julai 2024 mamlaka za Marekani zilitoa onyo kwamba kati ya 2019 na 2023 Wamarekani kama 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwenye utapeli wa taimushea wa huko Mexico, na nyuma yake lipo genge la dawa za kulevya la CJNG. Na wakishakuibia wanapiga tena wakijifanya mawakili au maafisa wa serikali wanaokurudishia hela zako, kwa ada kidogo.

Alafu kuna wale wa "tunakutoa kwenye mkataba, uhakika asilimia mia". Wanaita watu hotelini, wanatoa chakula, wanakutisha kwamba deni litawaangukia wanao, ni kikao kile kile kimegeuzwa upande wa pili. Wanachukua maelfu ya dola mbele, wengi wao kazi wanayofanya ni kuandika barua ambayo ungeiandika mwenyewe, au wanakwambia acha kulipa na usiongee na risoti, wewe unaharibikiwa wao wapo kimya. Novemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na jimbo la Wisconsin, waliwashtaki watu na makampuni ya Missouri wakidai walichukua zaidi ya dola milioni 90, hasa kutoka kwa wazee, kwa ahadi za namna hii. Kwa hiyo msimamo wangu haubadiliki: anayetaka hela kabla ya kazi, mkatae. Ulaya hata sheria inakataza anayekuuzia wiki yako kuchukua hela kabla haijauzwa.

Wakili ni jambo tofauti. Kama kiasi ni kikubwa tafuta wakili wa kweli wa haki za walaji mwenye leseni pale sheria ya mkataba ilipo, unamtafuta wewe, hakutafuti yeye. Hakiki namba yake kwenye chama cha mawakili, lipia kikao kimoja cha kusoma mkataba uone.

Hatua ya 7: Kama ulidanganywa, lalamika rasmi

Andika leo kila unachokumbuka, tarehe, majina, nani alisema nini, hata rangi ya kalamu. Kusanya meseji, skrinshoti, vipeperushi. Peleka malalamiko kwa mamlaka ya walaji ya sehemu husika, Marekani ni ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo na FTC, Mexico ni PROFECO. Kopi itume na kwa kampuni. Barua ya mamlaka huwa inafungua mlango ambao imeli zako ishirini hazikuufungua. Kama ulilipa kwa kredit kadi ongea na benki, Uingereza kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo kinaibebesha kampuni ya kadi wajibu sawa na muuzaji kwa kitu cha kati ya pauni 100 na 30,000.

Hatua ya 8: Kuacha kulipa tu

Hii naiweka mwisho na sikushawishi. Ukiacha kulipa wanaongeza faini, wanakupeleka kwa wakusanya madeni, rekodi yako ya mkopo inachafuka kwa miaka, wanaweza kukushtaki au kukunyang'anya wiki yenyewe. Kuna watu wameamua hivyo kwa macho wazi sababu hawana mpango wa kukopa tena, lakini waliongea na wakili kwanza. Usifanye kwa hasira.

Na kuhusu watoto, ule mwiba wa "milele": mrithi kwa kawaida halazimishwi kupokea, anaweza kuikataa mali hiyo rasmi kwa maandishi kabla hajaitumia wala kulipa ada yake hata mara moja. Marekani kwa upande wa kodi muda ni miezi tisa toka kifo. Ila waambie wanao mapema folda iko wapi na kwamba hawatakiwi kulala kule hata usiku mmoja. Usikubali kuongeza majina yao kwenye hati kwa ushauri wa muuzaji, hapo unawafunga kabla hawajarithi.

Ukishatoka omba barua inayosema huna umiliki na huna deni, kama ulikuwa na hati angalia kwenye masijala ya ardhi ya kule kama jina limebadilika, funga yale malipo ya moja kwa moja benki. Barua yetu ipo kwenye ile ile folda, tumeitoa ramani ya mabwawa tukaiweka hapo mfuko wa nyuma. Simu za wanunuzi wa ajabu bado zinakuja mara moja moja, mke wangu akipokea anauliza swali lile la kukata kwenye hela inayokuja, alafu anaendelea na shughuli zake.